Waliofunga Waya Juu ya Kinga

Mkono wa Ezaru ndio uliotangulia kutoka kwenye moshi. Niliushika nikavuta, na ngozi yake ikanibakia kiganjani. Nikashika tena, juu zaidi, penye kiwiko. Dari ya kibanda chake ilikuwa turubai la nailoni, na lile turubai lilikuwa linayeyuka na kututonea sote wawili kama nta. Alipotoka alikuwa bado amekumbatia simu za watu, zile walizomwachia azichaji. Alisema, "Fundi, pawa yako." Basi. Maneno mengine sikuyaelewa. Tulimpakia kwenye gari la mfanyabiashara wa mihogo tumkimbize Arua, akafia njiani kabla hatujafika Maracha.

Ilikuwa mchana kweupe, soko la Koboko limejaa. Nilikuwa nimeenda kumtengenezea mtu amplifaya, nikapita kumsalimia. Aliniambia, "Ngoja niite dereva mmoja kwa redio, halafu tukule." Nikatoka kwenda kununua chapati. Chapati zilikuwa bado kwenye karatasi niliposikia watu wanapiga kelele.

Kwa hiyo nimestaafu. Wenye ofisi kule Arua Hill hustaafu kwa hotuba na soda. Mimi nimestaafu kwa vidole. Vya mkono wa kulia vimeshikana, vya kushoto havihisi joto, na fundi asiyehisi joto anaunguza kila anachogusa. Haya nayaandika kwenye simu kwa kidole gumba. Shule niliachia darasa la nne, baba alipokufa, kwa hiyo msihangaike na makosa yangu ya herufi, kuna makosa makubwa zaidi huku mbele na wenyewe nitawataja. Nawaandikia nyinyi mafundi mnaokaa leo kwenye meza nilizokaa mimi. Kuna kitu mnapaswa kukijua kuhusu pawa saplai zenye jina langu, yale maboksi yanayoshusha umeme wa ukutani ili kulisha redio, na hamwezi kukielewa bila kujua zilitengenezwaje.

Niliingia karakana ya Mzee Swalehe, mjini Arua, nikiwa sijawahi kushika mita. Yeye alikuwa Mnubi, alijifunza redio jeshini, na jeshi liliposambaratika alirudi nyumbani na vitu viwili: mita ya sindano na chuma cha kulehemu. Siku ya kwanza alinipa transfoma iliyoungua, nzito kama jiwe la kusagia. Akasema, "Fungua." Nikauliza nifungue na nini. "Na subira." Nilishinda kutwa navua waya, mzunguko baada ya mzunguko, mikono inanuka vanishi iliyoungua. Jioni akaniuliza, "Umeona nini?" Nikasema sijaona kitu, waya tu mweusi. Akasema, "Mweusi kuanzia wapi?" Kesho yake akanipa nyingine. Nilipojua kutazama weusi unapoanzia, ndipo akaniruhusu kukaa kwenye kiti.

Kazi yetu kubwa ilikuwa pawa saplai za redio za mawasiliano. Wasiojua huuliza kwa nini tulihangaika na machuma yale mazito wakati zipo zile nyepesi za dukani. Zile nyepesi zinanguruma ndani ya redio. Dereva yuko porini upande wa Kongo anasema amekwama, wewe unasikia nyuki. Pawa ya transfoma iko kimya. Ina transfoma, dayodi, kapasita kubwa, halafu ile transista ya chuma yenye umbo la kofia, imefungwa kwenye alumini ya kupoza. Transista hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Upande mmoja inapokea volti ishirini na kitu zisizotulia, upande wa pili inatoa volti kumi na nne kasoro kidogo, zimetulia. Zinazobaki katikati inazigeuza joto. Ndiyo kazi yake, kuumia ili redio isiumie.

Ikitokea shoti, waya mbili zikigusana, volti za kutokea zinaanguka hadi sifuri na mzigo wote unamwangukia yeye. Kinga ya kawaida, ile ambayo kila fundi anaijua, ni rezista nene ya waya na transista ndogo pembeni. Umeme ukipita sana kwenye rezista, ile ndogo inaamka na kuinyima ile kubwa chakula. Umeme haupiti ampea tano, tuseme. Sawa. Lakini ampea tano mara volti ishirini na mbili ni zaidi ya wati mia, zote kwenye kofia moja ya chuma. Kinga inasema imefanya kazi, na transista imekaangika. Mzee Swalehe aliita kinga ile mlinzi anayelala.

Alinifundisha nyingine. Karakanani tuliiita kukunja, kwa sababu ukichora mstari wake, volti huku na umeme huku, unapanda halafu unajikunja kurudi nyuma. Unaongeza rezista mbili ndogo zinazoitazama volti ya kutokea. Volti ikiwa nzima, ile transista ndogo inakuwa na usingizi mzito, umeme mwingi unapita ndipo iamke. Volti ikianza kuanguka, usingizi unakuwa mwepesi, inaamka mapema, inabana zaidi. Na kadiri volti inavyozidi kuanguka ndivyo inavyozidi kubana. Kwenye shoti kamili panapita umeme mdogo tu. Mzee alisema, "Mutu amebeba gunia, ameanguka magoti. Wewe unamwachia gunia juu ya mgongo? Unamtua." Tuliipanga ibane hadi kama theluthi, na kwa hesabu hiyo kofia ya chuma inapata joto pungufu kwenye shoti kuliko ikiwa kazini. Unaweza kuacha waya zimegusana toka asubuhi hadi jioni. Ukizitenganisha, redio inawaka.

Si kazi rahisi, na msidhani unachora mara moja ukalala. Rezista ya waya lazima iwe kubwa kidogo kuliko ya kinga ya kawaida, nayo inapata moto wake. Ukikunja sana, pawa inakuwa na magoti mabovu: unawasha amplifaya yenye kapasita kubwa, inavuta kwa nguvu mara moja, volti inaanguka, kinga inabana, volti haipandi tena. Iko pale chini, haijafa, haiinuki. Nilitupa miezi kwenye ugonjwa huo. Dawa yake ni kujua mzigo unaanza vipi kabla ya kupanga kinga, na usikunje kwa tamaa.

Kesi iliyonitesa kuliko zote ilikuwa ya kanisa moja upande wa Dadamu, kwetu. Pawa yao ilikuwa inazimika Jumapili saa za mahubiri, ikifika mchana, na ikirudishwa karakanani inafanya kazi kama malaika. Mchungaji akatuambia kwa uso mkavu kwamba ni roho chafu ya adhuhuri. Mzee Swalehe, Mwislamu safi, akamjibu, "Mchungaji, shetani wenu anafuata saa kuliko waumini." Wakacheka wote wawili, mimi sikucheka, ilikuwa kazi ya mkono wangu. Tukaenda naye Jumapili, tukakaa nyuma ya spika. Bati la kanisa lilikuwa linachoma. Sauti ilipokatika, Mzee aliweka kidole kwenye ile transista ndogo ya kinga, akakiondoa haraka. Nilikuwa nimeipachika jirani na alumini ya kupoza. Ikipata joto inaamka mapema, hata bila sababu, na kwenye kinga ya kukunja kosa hilo linajizidisha. Tukaihamishia upande wa pili wa boksi. Roho chafu haikurudi. Mchungaji aliombea karakana, na Mzee akaitika "Amina" kwa sauti kuliko washirika.

Ezaru alikuja karakanani miaka hiyo, binti wa jirani yetu Dadamu, mtu mzima tayari, ameshaachana na mume wa kwanza. Alikuja kuomba kazi ya kufagia. Mzee akampa transfoma, "Fungua." Alivua, na kabla hajaulizwa akasema weusi ulianzia ndani kabisa, karibu na chuma. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyesuka transfoma zetu. Mizunguko yake ililala kama nywele zilizosukwa kwa ajili ya harusi. Alikuwa na mdomo. Nikiharibu kitu alisema, "Fundi Candia, leo umeamka na mikono ya nani?" Pawa zikikamilika alichukua brashi akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: CANDIA. Nilimwambia aandike na lake. Akasema, "Langu liko ndani. Anayetaka alisome, avue waya."

Kisha Mzee Swalehe akafa, na karakana ikaenda kwa mpwa wake, Jafari.

Jafari nitamwandika kwa jina kwa sababu hata yeye hajawahi kulificha, liko juu ya mlango. Hakuwa mjinga. Alijua kuuza. Alimweka mtu wake Koboko, Onzima, mwenye duka pale karibu na maegesho ya magari, akawa anapeleka pawa zetu huko kwa wafanyabiashara wa mpakani. Na huko ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Mnajua jinsi watu wetu wanavyonunua pawa. Hawaulizi volti. Hawaulizi umeme kiasi gani. Mtu anasema, "Washa." Unawasha. Anachukua waya mbili za kutokea anazigusanisha. Ikilia paa! na cheche ikaruka, anatikisa kichwa: hii iko na nguvu. Wengine wanaita na rafiki zao waje waone. Wamejifunza hivyo kwenye betri za magari, na kwa betri sitawalaumu. Pawa yangu ukiigusanisha waya inatoa kacheche kadogo ka kapasita, halafu kimya. Imejikunja, imefanya kile hasa ilichotengenezewa kufanya. Mteja anaona nini? Anaona maiti.

Onzima alikuja Arua na pawa zilizokataliwa, akazishusha mezani kwangu moja moja.

"Kaka, hii kitu yako inakohoa kama mzee wa sigara. Watu wananicheka."

Nikamwambia, "Waambie wafunge redio, wazungumze siku nzima."

"Nani atafunga redio kwa duka? Mutu anataka kuona moto."

"Moto wa nini? Anapika?"

Jafari alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa, "Fundi Candia, ondoa tu hiyo kukunja. Weka ile ya zamani."

Nikamweleza. Nikamchorea kwa makaa ukutani, pale pale Mzee alipokuwa akichora. Ezaru naye akasimama, akasema, "Bosi, transfoma yangu itaungua." Jafari akamwambia, "Ikiungua utasuka nyingine, si ndiyo kazi yako?" Kisha akanigeukia akasema: "Watu wananunua nguvu. Sijaona mutu ananunua kinga."

Nilikataa. Naye hakugombana na mimi, alisema sawa, tuache. Nikadhani imekwisha. Pawa zikawa zinaondoka kwangu zikiwa nzima, zinaenda Koboko, na sasa haikurudi hata moja. Onzima akawa anakuja anacheka, ananisifu, "Sasa umejifunza, kaka." Nilidhani hatimaye wateja wamezoea.

Ezaru aliondoka karakanani wakati huo. Alikuwa ameolewa tena, na Mkakwa mmoja mpole wa Koboko, akataka kitu chake mwenyewe. Akajenga kibanda cha mbao sokoni, mchana anachaji simu, anawaitia watu madereva kwa redio. Alihitaji pawa. Angeweza kunipigia simu, ningempelekea begani. Lakini duka la Onzima lilikuwa hatua chache kutoka kwake, na pawa zimepangwa dirishani, na ubavuni zina jina langu kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mume wake alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Onzima alitaka kumgusanishia waya amwonyeshe cheche. Ezaru akamzuia mkono. "Acha ujinga. Mimi nauliza kitu moja: hii ni ya Candia, na kinga yake iko ndani?"

Onzima akasema, "Iko. Ile ile ya kwenu."

Hakuifungua. Kwa nini angeifungua? Transfoma aliisuka yeye, jina aliliandika yeye, mkono uliolehemu aliufahamu kuliko mikono ya mumewe. Katika watu wote walionunua zile pawa Koboko, yeye peke yake hakutaka cheche. Alitaka kinga, akaiulizia kwa jina, akaambiwa iko.

Siku ile, baada ya mimi kwenda kwenye chapati, jua liligeuka likamwingilia dirishani. Akashusha bati la dirisha nusu ili redio isichomeke. Ukingo wa bati ukaukamata waya wa redio, ukaukata mpira, waya mbili zikagusana. Shoti ya kawaida kabisa, shoti ya kila siku. Kwa kinga ya kukunja, redio ingenyamaza. Angesema "aa," angeinua bati, angesogeza waya, angeendelea kumwita dereva wake. Badala yake transfoma iliwaka moto pamoja na vanishi yote, moto ukashika mbao, ukapanda turubai. Watu wanasema alitoka mara ya kwanza, mzima. Akarudi ndani kuchukua simu za wateja.

Boksi la chuma halikuungua. Wiki ile ya msiba nililifungua kwa mikono iliyofungwa bandeji, mume wa Ezaru akinishikia bisibisi. Juu ya rezista yangu nene ya waya kulikuwa kumelazwa kipande cha waya wa shaba, kinene kama wa kuwekea umeme nyumba, kimelehemiwa ncha zote mbili. Umeme ulikuwa unapita pembeni, rezista haihisi kitu, ile transista ndogo haiamki milele. Si kwamba walirudisha kinga ya zamani. Hapakuwa na kinga yoyote. Na mahali pa fyuzi palikuwa na msumari, kwa sababu cheche za dukani zilikuwa zinakata fyuzi kila mteja akijaribu. Lehemu yenyewe ilikuwa mbaya, ya kijivu, madonge madonge. Haikuwa ya Onzima, yule hajui hata kuweka betri kwenye tochi. Palikuwa na mtu wa meza, fundi wa karakana.

Mwenyekiti wa mtaa alituita tukae. Jafari alikuja kutoka Arua na shati jeupe, Onzima akakaa kando yake. Aliniangalia mikono akasema, "Pole, Fundi." Nikaweka boksi mbele yake. Akalitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani. Akasema umeme ni umeme, akasema vibanda vya mbao ni hatari, akasema turubai lile ndilo lililoua. Nikamuuliza nani alilehemu ule waya. Akasema karakana ina watu wengi. Nikamuuliza Onzima ni nani alimwambia aseme kinga iko. Onzima akasema, "Mimi nauza tu, kaka. Yenye imeandikwa jina lako, ni yako."

Jafari na Onzima walipeleka sukari na shuka kwa mama yake Ezaru, Dadamu. Sukari na shuka ni za kuomboleza, jirani yeyote hupeleka. Kwetu mtu ambaye mkono wake umo kwenye kifo huja na mnyama, anakaa chini, anasema lililotendeka, wazee wanasikiliza. Jafari anajua hilo vizuri. Ndiyo maana alichagua sukari. Yule mama aliipokea kwa adabu, hakujua anapokea nini, mpaka nilipomweleza. Hajaitumia. Ameniuliza mara nyingi, kila nikienda, swali lile lile: "Alikuwa anajua kazi, mwanangu. Kwa nini kazi ikamla?" Niliwahi kumwambia ni ajali, nikaona haya kwa kusema maneno ya Jafari kwa mdomo wangu.

Nimefanya kazi maisha yangu yote kutengeneza kitu ambacho kikifanya kazi vizuri hakuna mtu anayekiona, na kwa sababu hawakioni wakakitoa. Sina hasira tena na wateja. Sina hata uhakika kama nina tumaini na nyinyi ninaowaandikia. Najua mteja akija kesho na kusema yako inakohoa, wengi wenu mtatafuta waya.

Lakini fanyeni hili moja. Ukiikuta pawa yenye jina langu ubavuni, popote, Koboko, Arua, ng'ambo Kongo, ichomoe kwenye umeme, fungua skrubu za kifuniko, tazama rezista nene iliyo karibu na transista ya kofia. Ukiona waya umelala juu yake, usiirudishe kwa mwenyewe hivyo hivyo hata akikutukana.

Na wewe Jafari. Unajua ulizozitoa karakanani ni ngapi na Onzima anajua alimuuzia nani, maana anawafahamu wateja wake kwa majina ya baba zao. Ziko kwenye vibanda vya mbao sasa hivi, watu wamekaa karibu nazo. Waite. Zirudishe. Kisha njoo Dadamu na Onzima, na yule aliyeshika chuma cha kulehemu, mkae mbele ya mama yake Ezaru, na umwambie kwa mdomo wako ni nani aliufunga ule waya na ni nani alimwagiza. Yuko nyumbani kila siku. Nani aliufunga, Jafari?